Ukurasa Nilioupaka Piko

Shamsa mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga watu wa Kuze, nami nimeketi mkekani karibu na begi lako lililokwisha fungwa. Nawajua shangazi zako, hawatakuachia upesi. Watakulisha, watakulilia, watakusomea dua, kisha watakulisha tena. Kwa hivyo nina wasaa. Hali yako sikuulizi kwa sababu naiona kila siku ikinipita mlangoni imenuna. Nakuandikia kwa kuwa wiki nzima hii sisi wawili tukifungua mdomo ni ugomvi, na kesho utapanda ndege uende zako Cape Town, na lile ulilonitaka nikujibu sijakujibu.

Sitakwambia ule nini wala uvae nini baridi ikikaza. Una akili zako, na hata ningekwambia usingesikia, hilo umelirithi kwangu. Sala zako unazijua. Ukiunguza chapati za mwanzo, unguza, utajifunza hizo za pili.

Nataka tuseme juu ya kitabu cha baba yako, Athman, Mungu amrehemu.

Umekua ukikiona juu ya kabati, kimefungwa ndani ya kanga, na ulikuwa ukikatazwa kukigusa. Kikubwa kama sinia, kizito, jalada lake la kitambaa, na ndani ni picha za kazi zake ukurasa baada ya ukurasa na maneno machache mno. Walikitengeneza watu wa ng'ambo ambao kazi yao ndiyo hiyo, kutoa vitabu vya wachoraji wa siku hizi wakiwa wangali hai. Baba yako alikuwa mtu wa Kibokoni tu, akichora juu ya mbao za madirisha mabovu, zile ambazo mafundi huzing'oa nyumba za kale zikitengenezwa na kuzitupa kando ya njia. Alizibeba begani akaja nazo nyumbani, na mchwa na misumari na vumbi lote, nami nikifoka. Brashi zake alikuwa akizichovya kwenye vikombe vyangu vya kahawa. Nimewahi kunywa rangi ya buluu, mwanangu, na sikufa.

Walipokuja kukitengeneza hicho kitabu ulikuwa hujaanza shule. Alikuja mama mmoja ndiye mpangaji wa kitabu, na mpiga picha wake. Wakazisimamisha mbao zote uani, mmoja mmoja, wakaziwashia taa mchana kweupe. Chini ya kila picha walitaka kuandika jina lake na ukubwa wake na ubao ni wa mti gani. Ya mti baba yako aliyajua yote, ya majina hakuwa nayo, kwa hivyo akayabuni pale pale huku anakuna kichwa. Ilipofika zamu ya ubao wangu akasema, iandikeni "Rukia akichana nywele."

Mimi ndiye huyo. Nimeketi kitandani, kanga nimeifunga kifuani, mabega wazi, nywele nimeziachia, kitana mkononi. Namtazama mchoraji. Nilikuwa namtazama mume wangu ndani ya chumba changu, na kwenye ule ubao yaonekana wazi kwamba ni mume wangu ninayemtazama.

Yule mama aliniuliza mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kama naridhia picha ile iingie kitabuni. Nikasema naridhia. Sikufikiri hata kidogo, Shamsa. Nilidhani vitabu vile haviji Mombasa. Nilidhani vinakwenda kwa Wazungu, vinawekwa juu ya meza za vioo, na hapana hata mmoja wao atakayekuja kuketi barazani na kaka yangu. Mpaka leo nikikumbuka nilivyomjibu upesi, huku napepeta mchele, nataka kujizaba kofi.

Kitabu kikaja. Sisi tulipewa nakala zetu, na nyingine akawekewa Bwana Karim dukani kwake, pale njia ya kwendea Ngome ya Yesu, alipokuwa akiwauzia wageni kadi na vinyago. Baba yako alipita pale kila siku, akijifanya ana shughuli, kumbe anataka kukiona kitabu chake kimesimama dirishani. Furaha ile sijapata kuiona kwake tena.

Kazi yangu waijua. Biarusi nikimchora hina na piko nyeusi, mtu yeyote Mji wa Kale atakwambia huu mkono ni wa nani. Siku hiyo nilikuwa nyumba ya arusi Mkanyageni, biarusi amenyoosha mguu, nami nimefika kwenye kifundo. Mwanamke mmoja akatoa simu ikazunguka chumbani. Ilikuwa picha yangu, imepigwa kutoka kitabuni. Akacheka, akasema mashallah, kumbe Bi Rukia nywele zafika kiunoni, na wenzake wakacheka naye. Wala hakikuwa kicheko kibaya. Sisi wanawake tumeonana nywele tangu utotoni. Kisha akasema, bila ya nia yoyote, kwamba picha ile ameipata kwenye simu ya mumewe.

Niliumaliza ule mguu, nikachora na wa pili. Hilo najisifu nalo, sina jingine la kujisifu katika habari hii.

Niliporudi, mjomba wako Salim alikuwa ameketi ngazini. Nyumba hii ni ya urithi wetu, naye ndiye mkubwa; yeye na watu wake juu, sisi chini, ndivyo tulivyoishi tangu wazee wetu walipokufa. Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliniambia tu kwamba alipofika barazani wenzake walinyamaza ghafla, naye akajua walikuwa wakisema nini. Akapanda zake juu.

Kesho yake baba yako alitoka kwenda kutafuta mbao, nami nikachanganya piko. Ulikuwa umeketi mbele yangu ukinishikia bakuli, na uliniuliza nani anaolewa. Nikakifunua kitabu, nikaanza kumvisha yule Rukia wa kwenye picha. Nikamtia ushungi, nikaushusha mabegani, nikamfunika kifua. Wallahi nilifanya kazi nzuri. Nilichora mikunjo ya nguo, nikatia na vijiua pembeni, vile vidogo ninavyowachora maarusi kwenye vidole. Nilikuwa nimekusudia kuyaacha macho. Lakini yakawa yananitazama peke yake katikati ya weusi, nikashindwa, nikayapaka nayo.

Nikazichukua nakala zetu zote nikazifanya hivyo hivyo. Nikaenda kwa Bwana Karim kumwomba anipe zake nizipake. Alikataa kwanza, akasema ile si bidhaa tu, ni kazi ya mume wangu, na yeye hawezi kuuza kitabu kilichopakwa. Kisha akanitazama nilivyosimama. Akazitoa dirishani zote, akanifungia kwa gazeti, akaniambia nisizirudishe, nami nikazipaka nazo. Sijapata kumshukuru yule mzee, na sasa ameshafariki.

Karatasi ya kitabu kile si ile inayong'aa. Ni nene, laini, inanyonya. Na piko inang'ata, nani ajuaye hilo kuliko mimi, niliyeona ikichubua ngozi za watu? Lakini nilipokuwa nikipaka sikuiona karatasi, niliuona uso wangu tu. Ilipokwisha kukauka nikafunua upande wa pili. Piko ilikuwa imepita. Na nyuma yangu, ukurasani, alikuwa Yusuf.

Ndugu yako humkumbuki, ulikuwa ungali unanyonya. Hakuwa amefika hata umri wa kupelekwa madrasa. Homa ilimshika alfajiri, tukamkimbiza hospitali, akarudi amefunikwa, na kabla ya magharibi alikuwa ameshazikwa. Picha zake zilikuwa kwenye simu ya baba yako, na simu ikaja ikaibiwa sokoni Kongowea. Ikawa hatuna uso wake popote ila vichwani mwetu. Ndipo baba yako akatwaa ubao mdogo wa dirisha akaanza kumchora.

Alimchora amesimama mlangoni hapa. Mimi chumba alichokuwa akichoria sikuingia siku zote hizo. Nilimpitishia chai mlangoni nikageuka. Siku moja akaniita. Akaniuliza, "Rukia, macho yake yalikaa vipi hasa? Yananipotea." Nikamwambia niache. Akaniuliza tena, taratibu, kama anayeomba. Nikamwambia kama hukumtazama mwanao alipokuwa hai usiniulize mimi.

Nilimwambia hivyo, Shamsa. Mtu aliyetoka kumtia mwanawe kaburini kwa mikono yake.

Alipoumaliza ule ubao nikasema siutaki ndani ya nyumba. Nilisema hauwezi kulala hapa hata usiku mmoja zaidi. Baba yako hakubishana. Akautoa akauficha kwingine, akasubiri mpaka yule mpiga picha wa kitabu akaupiga picha, kisha akampa mgeni wa kwanza aliyeupenda, naye akasafiri nao, na hapana ajuaye uliko. Ndio maana hakubaki na Yusuf mwingine isipokuwa wa kitabuni.

Nami nilijua kwamba yumo mle kitabuni. Kwa kujua hivyo sikupata hata mara moja kukifunua chote. Nilikifunua mpaka nifike kwenye picha yangu, nikakifunga. Kila mara hivyo. Nilimwogopa mwanangu mwenyewe, nikawa sijui kama yuko karibu au mbali, na hapo alipokuwa ni mgongoni mwangu, karatasi moja, uso nyuma ya uso. Nilipojifunika mimi nikamfunika na yeye.

Baba yako alirudi na ubao begani. Alikikuta kitabu mezani kimefunuliwa, nadhani nilikiacha kusudi, sikuwa na nguvu za kueleza. Akauona ukurasa wangu. Akageuza. Ulikuwepo, ulikuwa ungali na bakuli mapajani, na vidole vimeingia weusi.

Akasema, "Na huyu pia, Rukia?"

Nilikuwa na neno moja tu la kumjibu: sikujua. Lakini ningesema sikujua, angeniuliza vipi sikujua, na ingenibidi niseme kwamba ile kazi aliyoifanya akilia, miezi, peke yake, mimi mkewe sijapata kuitupia jicho. Nikaona heri anidhanie mkatili. Nikamwambia, "Na huyu pia."

Akakifunga kitabu, akakitia ndani ya kanga, akakiweka juu ya kabati. Hatukusemezana juu yake tena mpaka kufa kwake.

Ajabu ni kwamba tuliishi vizuri. Watu wanadhani nyumba ikishaingiwa na jambo kama lile husikika vyombo vikivunjika. Kwetu hapakuvunjika hata kijiko. Tulikula pamoja, tulicheka, alikuwa akinitania kwa unene wangu nami nikimtania kwa upara wake. Lakini mbao zikawa zaja nyumbani kwa nadra, kisha hazikuja. Akawa anachora milango na mapunda kwenye vibao vidogo, vya wageni kununua pale Ngomeni. Mama wa kitabu aliandika barua kuuliza kazi mpya, na hakumjibu. Mimi sikuwahi kuchorwa tena. Wakati mwingine nilikuwa nikichana nywele makusudi mbele yake, mlango wazi, nione kama atainuka kutafuta ubao. Alinitazama, akasema zimeanza mvi, akatoka kwenda kusali.

Figo zilipomshika nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Kila siku nilijiambia, leo wageni wakitoka nitamwambia. Unajua wagonjwa wa Mji wa Kale. Wageni hawatoki. Akitoka huyu na chupa ya uji anaingia yule na maji ya zamzam. Siku ile waliyotoka wageni mapema alikuwa amelala, na nikasema nisimwamshe. Hakuamka. Nalia nikiandika hapa, utaona wino umekwenda kombo, usidhani ni uzee.

Sasa nije kwako. Umepata kazi katika nyumba ya vitabu kule uendako, vitabu vya namna ile ile, vya wachoraji na kazi zao, nami nilifurahi nikakuombea dua mpaka sauti ikakauka. Kisha mwezi uliopita ukaja na kompyuta yako, ukaniambia wenzako wana nakala safi ya kitabu cha baba yako, isiyopakwa, na wanataka kukitoa upya. Ukaniambia wanahitaji ridhaa ya mjane. Ukaniambia kama sitaki kuonekana, ukurasa wangu utatolewa na hapatakuwa na ugomvi, lakini picha ile ndiyo roho ya kazi zake, na nikitoka mimi kitabu chenyewe kitabaki mifupa. Nikasema nitafikiri. Ukanipa siku. Nikasema bado nafikiri.

Mpaka Ijumaa ile jikoni, ukasema, "Mama, wewe ulimfuta Yusuf kwa makusudi. Baba aliniambia mwenyewe."

Nami nikakwambia nenda zako. Ndilo neno nililokuwa nalo kwa mtoto anayesafiri.

Sikujua kwamba alikwambia. Miaka yote hii nilidhani lile jibu langu lilizikwa naye. Kumbe ulikuwa umelibeba wewe, ukila chakula changu, ukinibusu mkono asubuhi, na ndani yako wajua kwamba mama yako ni mtu wa kuweza kufuta uso wa mwanawe. Baba yako hakukudanganya. Alikwambia alichoambiwa na mimi. Sikumfuta kwa makusudi, Shamsa. Sikujua yupo pale. Nisamehe kwa yote mawili, kwa lile nililofanya na kwa kukuachia uishi na lile nisilolifanya.

Ile siku ya kompyuta, ulipokwenda kuoga, niliifungua mwenyewe. Nilikuwa nimekuona unavyosukuma kidole. Nikaupita uso wangu, nikamfikia.

Amesimama mlangoni, kanzu amefunga vifungo kombo, mdomo mwekundu kwa ubuyu. Mguu mmoja ana ndara na mmoja hana, na hivyo ndivyo alivyokuwa, ndara zake tulikuwa tukizitafuta nyumba nzima. Vidole, masikio, lile kovu la kuanguka kisimani, baba yako hakusahau kitu. Ila macho. Yale macho si ya Yusuf. Yusuf alikuwa na macho madogo, yamevutika kidogo pembeni, kama ya bibi yake wa Lamu. Yaliyo pale kitabuni ni makubwa, ya duara, na yanatazama kwa ukali kidogo. Ni yangu. Aliniuliza sikumjibu, akatwaa macho yaliyokuwa karibu.

Niliketi na ile kompyuta mapajani mpaka nikakusikia unafunga bomba.

Nimefikiri sana tangu siku hiyo, na sina hekima ya kukupa, nina mambo niliyoyaona tu. Wewe sasa kazi yako itakuwa kuwatia watu vitabuni. Ukimwomba mtu ridhaa akakujibu upesi kama mimi na ungo wangu wa mchele, mrudie kesho yake umuulize tena. Mwambie kitabu kinakwenda kila mahali, mpaka simuni kwa mume wa mtu. Usimwonee haya kumwambia. Yule mama hakunifanyia ubaya, lakini angenirudia siku ya pili huenda ningefikiri. Na ukiulizwa jambo na mtu mwenye uchungu, nawe una uchungu, jibu. Jibu hata vibaya, jibu hata kwa kulia. Baba yako nilimjibu kwa ulimi mkali mara mbili maishani mwangu, na mara zote mbili palikuwa na jibu la kweli tena fupi.

Jibu lako ni hili. Naridhia. Nitieni kama nilivyo, nywele na mabega na kitana, wala msinipunguze ukubwa. Karatasi ya kutia sahihi uliyoniachia nimeitia sahihi, imo ndani ya bahasha hii.

Asubuhi, ulipokwenda Biashara Street kununua kanga za kuwapelekea wenyeji wako, nilipanda juu kwa mjomba wako. Sikutaka aje aambiwe na simu mara ya pili. Nikamweleza kitabu kinatoka tena, na picha yangu imo, na safari hii nimefikiri kabla ya kuridhia. Alikuwa akinywa chai. Akaiweka chini.

Usimchukie mjomba wako. Ndiye aliyemwosha baba yako na kumshusha kaburini, na hajapata kunihesabia dari hii wala sahani. Alisema bila hasira, "Mimi nina mabinti wa kuoza, Rukia. Siwezi." Nikamwambia najua. Nikadhani yamekwisha, kisha akasema nitafute pa kuketi, kabla kitabu hakijafika Mombasa. Alipokuwa akisema hayo alikuwa akitazama meza. Nami nikasema sawa, kaka, nikamchukulia kikombe nikakiosha, kwa mazoea tu.

Ndiyo maana sikukwambia leo mchana ulipouliza mbona macho mekundu. Nakujua. Ungefungua begi. Au ungesema basi Mama, nitawaambia wakutoe, tusipoteze nyumba kwa ajili ya picha moja. Barua hii naitia chini kabisa, chini ya nguo za baridi, uikute ukiwa umeshafika na huwezi kurudi mbio. Shamsa, usije ukanitoa kitabuni ili mimi nipate dari. Nimekwisha kujifuta mara moja ili nibaki ndani ya nyumba hii, na umeona kilichotoka upande wa pili. Ukinifanyia tena hivyo kwa huruma, sitakuwa radhi nawe, na waijua radhi ya mama.

Kuna maarusi watakaoacha kuniita. Wengine tayari nawahesabu kichwani. Sitakudanganya kwamba siogopi. Naogopa, umri wangu si wa kuhama, na vyumba hivi nimezaa ndani yake na kuzikia ndani yake. Zena, yule niliyemfundisha hina alipoachika, ana chumba Likoni cha uani, choo nje, dirisha moja. Nimempigia, amesema nije wakati wowote. Sauti yake ilinionea huruma, nami sikupenda, lakini nikamshukuru.

Ombi langu moja kwa wenzako. Chini ya picha ya Yusuf wataandika jina na ukubwa na mti, kama kawaida. Waambie waongeze kwamba macho yale ni ya mamake, kwa kuwa mchoraji aliuliza na hakujibiwa. Wakisema maneno hayo si ya kitabu cha namna ile, bishana nao. Mtu mwingine aliyeyajua macho ya mwanangu hayuko tena, na mimi nikifa watu watadhani alikuwa nayo hayo.

Nasikia sauti yako njiani, unacheka na mtu. Utaingia, tutakula, na sitasema kitu, na kesho nitakukumbatia uwanja wa ndege kama mama yeyote anayerudi nyumbani kwake baadaye. Ukipata likizo, usimwambie dereva akulete Kibokoni kwa mazoea. Mlango wa chini utafunguliwa na mtu mwingine, na utaona haya bure. Vuka feri, uliza kwa Zena wa hina, nami nitakuwa huko, kwa watu.

Mama yako,
Rukia